Udongo Usiouzwa

Miaka thelathini na mmoja mzee Kalenga aliwapimia watu wa Lubumbashi viwanja vyao, na kama ungemwuliza, angekuambia kwamba hakuna jiwe la mpaka alilolisimika yeye ambalo mtu aliwahi kulipinga akashinda. Tusimbishie. Alikuwa mpima ardhi wa kweli, wa kamba, chokaa na mwandiko ulionyooka, na mpaka leo akiingia kwenye chumba cha watu huanza kwa kukikadiria upana kabla hajasalimia.

Jambo moja tu hakupenda kulisimulia: kwamba kiwanja chake mwenyewe, kule Katuba, kiliuzwa. Mwaka 1998 alikwenda Kolwezi kwa kazi ya miezi miwili, na aliporudi akakuta ukuta mpya, mlango mpya, na mtu asiyemjua akimwuliza anamtafuta nani. Aliyeuza ni mdogo wake wa tumbo moja, kwa karatasi za kughushi. Kikulacho ki nguoni mwako, na Kalenga alikuwa amemshonea mdogo wake nguo nyingi.

Kwao, mtu akiingiwa na wasiwasi juu ya kiwanja chake, hangoji mahakama. Anachukua brashi na kopo la rangi, anaandika ukutani kwa herufi ambazo hata kipofu angeziona: PARCELLE À NE PAS VENDRE, yaani kiwanja hiki hakiuzwi, na chini yake jina la familia. Mitaa mizima imeandikwa hivyo. Kalenga hakuandika. Alijiona msomi, mtu wa hati na mihuri, na kuandika ukutani aliona ni mambo ya wasio na hati. Mdogo wake alipotafuta mnunuzi, ukuta ule mtupu haukumpinga kwa lolote. Hilo ndilo lililomkaa mzee kooni kwa miaka kumi na mitano, kuliko hata kiwanja chenyewe.

Basi mwaka 2010 mkewe akafariki, na binti yake wa pekee, Mujinga, jina ambalo kwao si tusi, akamleta Brussels. Mujinga alikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja ya Woluwe. Yeye na binti yake Larissa walikaa Saint-Josse, vyumba viwili juu ya duka la nywele za bandia, na mzee alipofika wakawa watatu katika vyumba vilevile. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa na ukungu mweusi. Mujinga aliusugua kila Jumamosi, na kila Jumatano ukungu ulikuwa umerudi palepale. Larissa, msichana wa miaka kumi wakati huo, alikuwa akipumua kwa mluzi, na daktari alikwisha kusema waziwazi kwamba dawa ya mtoto huyu ni kuhama. Kuhamia wapi? Mujinga alikuwa kwenye orodha ya nyumba za serikali tangu mwaka 2002. Kila baada ya miaka miwili aliandikiwa barua ya kumwuliza kama bado anahitaji nyumba, naye kila mara alijibu kwamba anahitaji, na barua ya kusema “njoo uichukue” haikufika.

Ndipo katika mwaka wa 2012 akasikia habari za chama kimoja kilichokuwa na mpango wa ajabu. Chama kilinunua kiwanja chenye jengo la zamani la dobi huko Laeken, palipokuwa pakifuliwa mashuka ya mahoteli. Hapo zingejengwa nyumba tisa, zote katika jengo moja la ghorofa, kwa familia tisa zisizo na uwezo wa kununua mahali pengine. Kila familia ingemiliki nyumba yake. Udongo wa chini ungebaki mikononi mwa chama milele. Mujinga aliomba, akachaguliwa, akarudi nyumbani akiimba ngazi nzima.

“Papa, nyumba itakuwa ya kwetu,” alisema. “Udongo njo itabakia ya association. Siku tukihama, tunaachia bengine kwa bei ya chini, bantu kama siye.”

Mzee Kalenga aliweka kijiko chini. “Bon. Na wewe utasimama juu ya nini? Juu ya hewa?”

“Papa, hapa tuko sasa, udongo ni ya nani? Na nyumba ni ya nani? Hatuna hata moja.”

“Mutoto yangu, nilipimaka udongo ya bantu trente et un ans. Nyumba yenye haina udongo ni mali ya muntu mwengine. Leo banakuchekea, kesho banauzisha, na wewe uko ndani na masufuria yako. Usiniambie tena ile mambo.”

Na Mujinga, aliyelelewa vizuri, hakumwambia tena. Alikwenda mikutanoni bila baba yake, kila mwezi, kukutana na familia nyingine nane. Walijadili ramani, madirisha, mahali pa baiskeli na nani atafagia ngazi. Nyumbani hakutaja kitu. Mzee naye hakuuliza, kwa sababu alikwisha kusema neno lake, na mzee akirudi nyuma kwa neno lake atabaki na nini?

Lakini miguu haikula kiapo. Tangu masika ya 2013, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Mujinga akiwa kazini na Larissa shuleni, mzee Kalenga alivaa koti lake la suti, akapanda tramu mpaka Laeken, akaenda kulizunguka jengo lile la dobi. Alilipima kwa hatua. Mbele, hatua ishirini na nne. Ubavuni, hatua hamsini na moja. Alikuwa na daftari dogo la jalada gumu, la aina ileile aliyoitumia kazini, na humo aliandika kila safari tarehe, saa, hali ya hewa na alichokiona. Angesema ni mazoea tu. Mimi nasema mzee alikuwa amekipenda kiwanja kile na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Mwanzoni mwa Oktoba alikalia miwani yake. Ndiyo, yeye mwenyewe, tusimsingizie mjukuu. Ikapelekwa kutengenezwa, na siku tisa zikapita akiuona ulimwengu kwa ukungu. Jumatatu ile, tarehe saba, alipofika Laeken alikuta ukuta wa dobi umebandikwa karatasi nne kubwa, nyekundu. Maandishi hakuweza kuyasoma, lakini wekundu aliuona. Kwao rangi nyekundu ukutani ina maana moja: alama ya X, tarehe, na tingatinga njiani. Akaandika daftarini: “Tarehe 7, saa nne asubuhi. Mabango manne mekundu. Miwani bado.” Jumatano akaandika tena: “Yote manne yapo. Mama wa mbwa mweupe amepita, amesalimia.” Huyo alikuwa mkazi wa mtaa ule, aliyepita hapo na mbwa wake kila asubuhi. Ijumaa, vilevile. Jumatatu iliyofuata, vilevile, na mvua.

Angeweza kumwuliza Mujinga. Neno moja tu mezani, wakati wa chakula. Lakini angeanzaje, naye alikwisha kuikataza habari hiyo isizungumzwe?

Jumatano, tarehe kumi na sita, alichukua miwani yake na kwenda moja kwa moja Laeken. Safari hii alisoma. Na balaa la mzee Kalenga ni kwamba alisoma vizuri mno. Mtu mwingine angeona karatasi ya serikali akapita zake. Yeye alisoma kila mstari kama alivyosoma hati miaka thelathini na mmoja. Akaona neno “kubomoa”. Akatafuta jina la mwombaji. Halikuwa la Mujinga, wala la familia yoyote kati ya zile tisa. Halikuwa hata la chama. Lilikuwa jina la shirika la ujenzi ambalo hajawahi kulisikia. Kama angehudhuria mkutano mmoja tu, angejua kwamba shirika hilo lilikubaliana na chama kujenga kwa niaba yao, na kwamba mabango mekundu ndiyo desturi ya mji huu: mtu akitaka kibali cha ujenzi, anabandika tangazo siku kumi na tano ili majirani waseme la kusema. Hakuhudhuria. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka, na mbele yake ulikuwapo ung’ongo mwekundu, wa upana wa mikono miwili, umebandikwa mara nne.

“Banauzisha,” alisema kwa sauti, peke yake njiani. “Banamuuzishia mutoto yangu.”

Safari hii hangejifanya msomi.

Kesho yake, Alhamisi, saa tatu asubuhi, alishuka kwenye tramu akiwa na kopo la rangi nyeusi, brashi mbili, kamba na chaki. Kwanza alibandua mabango yote manne, polepole yasichanike, akayakunja, akayatia mfukoni, maana ushahidi hautupwi. Kisha akanyosha kamba, akapiga mistari ya chaki, akagawa nafasi. Herufi zake zilikuwa za mchoro wa ramani, zimenyooka, za urefu wa mkono. PARCELLE À NE PAS VENDRE. Chini yake, kwa Kiswahili cha kwao: HII PARCELLE HAIKO YA KUUZISHA. Na chini kabisa: FAMILLE KALENGA. Ilimchukua saa mbili na nusu. Mama wa mbwa mweupe alipita, akasimama, akasoma, akasema kwamba ni mwandiko mzuri sana, bwana. Mzee alimshukuru kwa kuvua kofia. Alirudi Saint-Josse akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu mwaka 1998.

Furaha hiyo ilidumu mpaka saa kumi na mbili jioni.

Mujinga alikuwa akikaanga samaki simu ilipolia. Alisikiliza, akazima jiko, akaketi. Aliyepiga alikuwa Antoinette, mama wa Kibelgiji aliyeendesha mpango wote wa chama kwa baiskeli yake na pua yenye mafua ya kudumu. Mabango yamebanduliwa, alisema. Kuna mtu ameandika ukutani, bila shaka adui wa mradi. Tangazo lisipoonekana siku zote kumi na tano, ofisi ya mipango miji ina haki ya kusema lianze upya. Likianza upya, kikao cha kusikiliza majirani kitasogea mpaka Januari. Na kibali kisipotoka kabla ya mwaka kwisha, ruzuku ya ujenzi itapelekwa kwenye mradi mwingine. Hakusema nyumba zimekufa, alisema tu kwamba hajui.

Mujinga aliyarudia maneno hayo mezani, moja moja, kwa Larissa. Kisha akaanza kulia, si kwa kelele. Machozi yalimdondokea mikononi, na mikono ilikuwa bado na unga wa kukaangia samaki. “Ni muntu gani?” aliuliza. “Ni muntu gani anaweza kutuchukia vile? Tulimufanya nini?”

Mzee Kalenga alisimama, akaenda kwenye koti lake lililotundikwa mlangoni, akarudi na kitu kilichokunjwa. Akakifungua mezani. Karatasi moja nyekundu. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Larissa alimtazama babu yake, akamtazama mama yake, akatoka kwenda kufunga dirisha lililokuwa limefungwa.

“Niliona jina ya bengine,” mzee alisema. “Niliona banataka kubomoa. Nilisema safari hii sitanyamaza.”

“Papa.” Mujinga hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. “Onze ans ninangojea. Miaka kumi na moja, Papa. Unaniua na mukono yako mwenyewe.”

Akamwandalia baba yake chakula, sahani kamili, samaki mkubwa kuliko wote, akaifunika, akaiweka mbele yake. Kisha akaenda kuketi chumbani. Tangu azaliwe hajawahi kumwachia baba yake meza ale peke yake. Samaki yule hakuliwa.

Asubuhi alikuja Sudi. Huyu alikuwa Mrundi wa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, mwenye duka la vitambaa hatua chache kutoka pale. Familia zile tisa zilimchagua kuwa msemaji wao kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekasirika. Mujinga alikuwa amempigia simu. Sudi alimkuta mzee amekaa na koti mwilini kama mtu anayesubiri kukamatwa.

“Salaam, mzee wangu,” Sudi alisema, akaketi. “Nimetoka Laeken. Nimeuona ukuta.” Midomo ilimcheza, akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akafuta macho. “Nisamehe. Lakini mabaya yote ambayo adui zetu wangeyafanya, umeyafanya wewe, tena bila mshahara, na kwa herufi nzuri kuliko za kwao!”

“Cheka, mutoto. Niko na haya mingi sana.”

“Haya ni yako, ila nyumba ni za familia tisa.” Sasa Sudi hakuwa akicheka. “Mke wangu Rukiya ameshapanga mapazia. Mzee, babangu alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, aliporudi akakuta wengine wanalima shambani mwake. Ninajua ulichokiona kwenye karatasi ile. Lakini ofisini hawajui. Wanatafuta adui. Ukienda wewe mwenyewe ukasema, watakuwa na mzee aliyekosea, na hilo ni jambo jepesi zaidi. Twende.”

Mwungwana akivuliwa nguo huchutama. Mzee Kalenga alichukua mabango yake manne na daftari lake, akatoka.

Katika ofisi ya mipango miji aliwapokea mwanamke mwenye nywele fupi na kalamu tatu mfukoni. Antoinette alikuwa amefika kabla yao, pua nyekundu, leso mkononi. Mzee hakukaa mpaka alipomaliza. Kwa Kifaransa chake cha ofisini, cha zamani, alieleza yote: kiwanja cha Katuba, mdogo wake, ukuta mtupu, miwani, jina geni, kopo la rangi. Hakujitetea. Alisema, mimi ndiye niliyefanya, binti yangu hakujua, na kama kuna adhabu iwe yangu, isiwe ya nyumba.

Yule mwanamke aliyatazama mabango. Hayakuwa yamechanika hata pembe. “Tatizo,” alisema, “ni kwamba sijui yalikaa ukutani siku ngapi. Kama yalibanduliwa siku ya pili, lazima nianze upya. Mnaweza kuniambia mnachotaka, lakini sina ushahidi.”

Mzee akafungua daftari.

Alimsomea. Tarehe saba, saa nne asubuhi, mabango manne. Tarehe tisa, yote yapo. Tarehe kumi na moja. Tarehe kumi na nne, mvua, la kushoto limelegea pembe, nimelibana kwa kidole. Tarehe kumi na sita, nimesoma. Tarehe kumi na saba, saa tatu, nimebandua mimi. Mwanamke alinyosha mkono akalichukua, akarudi nyuma kurasa, Septemba, Julai, Mei. Hatua ishirini na nne, hatua hamsini na moja. Mtaro umeziba. Kigae kimeanguka. Mama wa mbwa mweupe. Ukurasa baada ya ukurasa, bila kuruka safari hata moja.

Antoinette alisimama nyuma yake akasoma naye. “Miezi sita,” alisema taratibu. “Ulikuwa ukikilinda miezi sita, na sisi tulidhani hukitaki.”

Mzee alitazama kofia yake.

“Huyu mama wa mbwa,” mwanamke wa ofisini aliuliza, “anaweza kupatikana?”

Alipatikana, saa nne na robo kamili, palepale anapopita kila siku. Ndiyo, alisema, mabango aliyaona mpaka Jumatano, na bwana huyu alimwona mara nyingi, alidhani ni mkaguzi. Akaandika na kutia sahihi. Jioni ofisi ikatoa uamuzi: siku kumi zimethibitishwa, mabango yarudishwe leo, yaongezewe siku tano zilizopotea, kikao kibaki Novemba. Na maandishi yasafishwe kabla ya kikao, kwa gharama na mikono ya aliyeyaandika.

Siku ya kusafisha, zamu ya Mujinga ilikuwa ya mchana, na asubuhi alikuwa huru. Mzee alikuwa peke yake na ndoo, anasugua herufi ya kwanza, aliposikia mtu anaweka ndoo ya pili karibu naye. Hakugeuka. Walisugua bega kwa bega mpaka neno VENDRE. “Ulikula asubuhi?” Mujinga aliuliza. “Sikula.” Akatoa mkate na yai kwenye mkoba, akaukata katikati, wakala wamesimama.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa halmashauri wenye viti vigumu. Majirani walikuwa wamejaa. Mmoja alihofia maegesho ya magari. Mwingine alihofia kelele za watoto, akatazama familia zile tisa, akaongeza kwamba yeye hana ubaguzi, akaketi. Kisha akainuka mama wa mbwa mweupe, safari hii bila mbwa.

Alisema kwamba mtaa wake umebadilika mikono mara tatu katika miaka kumi. Kila nyumba ilinunuliwa ikapakwa rangi, ikauzwa ghali zaidi, na majirani aliowazoea wakatoweka mmoja mmoja. Alikuja kupinga nyumba hizi, maana alidhani nazo zitakwenda njia ileile. Karatasi za chama alitumiwa, kurasa arobaini, akachoka kwenye ya tatu. “Lakini nilisoma ukuta,” alisema. “Bwana yule aliandika kwamba kiwanja hiki hakiuzwi. Ninachotaka kujua ni kimoja tu. Ni kweli?”

Antoinette alipiga chafya, akasimama. “Ni kweli. Tutauza nyumba kwa familia, na kwa masharti. Udongo hatuuzi. Si mwaka huu, si miaka mia. Imeandikwa katika hati yetu.”

“Hata wewe huwezi kuuza?” Swali hili halikutoka kwa yule mama. Lilitoka safu ya nyuma, kwa Kifaransa cha zamani. Mzee Kalenga alikuwa amesimama bila kuruhusiwa.

“Hata mimi siwezi.”

“Mkurugenzi akiwa na deni? Akiwa na mdogo wake?”

Watu wakacheka, lakini Antoinette hakucheka. Alimjibu kama anavyojibiwa mtu wa kazi. “Hata akiwa na wadogo kumi, bwana Kalenga. Majirani wana kura, familia zina kura, serikali ina kura. Hakuna mkono mmoja unaotosha kutia sahihi.”

Mzee aliketi. Alikuwa ameona maneno yale kwenye mamia ya kuta, na sasa ndipo alipoyafahamu: kila ukuta ulioandikwa hivyo ulikuwa ukuta unaokaribia kuuzwa. Ndiyo maana watu waliandika. Walikuwa wakiomba. Hapa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, maneno yalikuwa kweli, na yeye ndiye aliyekuwa amesugua mpaka yakatoka. Alimgusa Mujinga mkono. “Tia sahihi kwa ile karatasi ya nyumba,” alimnong’oneza. “Hii udongo iko na mukubwa kupita ndugu yangu. Papa yako amekubali.” Mujinga alikuwa akilia tena, ila safari hii alilia huku akicheka, na Sudi akampa kitambaa chake, kizuri mno kwa kazi hiyo.

Kibali kilitoka tarehe kumi na tisa Desemba. Ujenzi ulikawia, kama unavyokawia popote chini ya jua, na funguo zikatolewa Septemba 2016. Larissa alikuwa amefika miaka kumi na sita. Alipanda mpaka ghorofa ya tatu mbio, akashuka, akapanda tena, na mama yake alisimama chini akisikiliza pumzi yake. Hakusikia mluzi.

Mkutano wa kwanza wa wenye nyumba ulipitisha mambo mawili: zamu za kufagia, na ombi la Rukiya, mkewe Sudi, kwamba maneno yale yarudi. Si nje, ndani, ukutani mwa ukumbi wa kuingilia, na kwa ruhusa ya maandishi ili mzee asikamatwe. Basi Jumapili moja mchana mzee Kalenga alivaa koti lake. Mujinga alishika ncha moja ya kamba, Larissa nyingine. Alipiga chaki, akagawa nafasi, akaandika polepole kuliko zamani, lakini herufi zilitoka zimenyooka. Lugha mbili, mistari miwili. Kisha akasafisha brashi na kuanza kufunga kopo.

“Papa,” Mujinga alisema, “unasahau jina yetu.”

Mzee alirudi nyuma hatua tatu, akaipima kazi yake kwa jicho moja. “Sisahau. Nikiandika Kalenga pale, siku moja Kalenga mumoja atakuya hapa, atasema ni ya yake, atauzisha.” Akabana kifuniko cha kopo kwa kiganja. “Acha vile. Ni ya bale batakuya nyuma yetu.”

Mujinga aliachia kamba, nayo ikarudi taratibu mkononi mwa baba yake. Wakapanda kula.